Mchubuko Hutaka Maji, Si Spiriti

Mtoto akianguka kwenye changarawe na goti likachubuka, nyumba nyingi huanza kwa kutafuta kitu cha kuwasha. Spiriti ikiwapo, ndiyo hutangulia. Isipokuwapo, patatafutwa dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wa kahawa, majani yaliyotafunwa, au kapsuli ya rangi mbili iliyobaki tangu mtu alipougua, ifunguliwe unga wake unyunyizwe juu ya jeraha. Mtoto akipiga yowe, wakubwa hufarijika kwamba dawa imeingia. Katika kazi yangu ya kusafisha na kufunga vidonda, sijakutana na imani inayowaumiza watoto bure kuliko hii. Kinacholia pale si wadudu wanaokufa. Ni seli hai za ngozi zinazochomwa, na seli hizo ndizo zilizokuwa zijenge ngozi mpya.

Mchubuko ni jeraha la juu juu lakini pana. Tabaka la nje la ngozi limekwanguliwa, na ncha nyingi za mishipa ya fahamu zimebaki wazi. Ndiyo maana goti lililochubuka linaweza kuuma kuliko kidole kilichokatwa na wembe. Ila uchache huo wa kina una faida kubwa. Chini ya jeraha, mashina ya vinyweleo huwa bado mazima, na katika kila shina kuna seli zinazoweza kuzaa ngozi. Kwa hiyo mchubuko haufungi kutoka pembeni tu. Huota pia kutoka katikati, kutoka mamia ya vituo vidogo kwa wakati mmoja. Ukitunzwa vizuri, mchubuko wa kawaida hufunga ndani ya wiki moja hadi mbili, mara nyingi bila kovu. Spiriti, dettoli isiyochanganywa na maji, na ile dawa inayotoa povu jeupe huziunguza seli hizo.

Basi tufanyeje? Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Kisha mimina maji safi juu ya jeraha, mengi, kwa dakika kadhaa. Maji yanayofaa kunywewa yanafaa kuoshea mchubuko. Tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji maalumu ya chumvi ya hospitali hazikukuta kwamba ya bomba huongeza maambukizi. Kama huyaamini maji yako, yachemshe uyaache yapoe. Njia ninayoipenda kuliko zote ni chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko: ukiiminya, maji hutoka kwa nguvu ya kutosha kung'oa vumbi bila kuhitaji kusugua. Sabuni ya kawaida itumike kwenye ngozi inayozunguka jeraha. Hofu ya kwamba kidonda kisiguswe maji haina msingi kwa mchubuko, na mtoto anaweza kuoga kama kawaida. Maji ya kuogopa ni ya dimbwi na mtaro.

Hapa pasifanywe haraka, kwa sababu chembe za changarawe na lami ndizo kiini cha matatizo mengi. Zikibaki, huwapa bakteria pa kujificha, na ngozi ikifunga juu yake huacha madoa meusi au ya buluu yasiyotoka tena, sawasawa na chale. Abiria wengi wa bodaboda wanayo madoa hayo viwikoni. Kama maji hayakuziondoa, zifute taratibu kwa kitambaa safi kilicholowa, au zitoe kwa kibano kilichochemshwa. Mtoto akiwa na maumivu makali, mpe parasetamoli ya kipimo cha umri wake, subiri ifanye kazi, ndipo uendelee. Zikikataa kabisa, usichokonoe; mpeleke zahanati.

Baada ya kuosha, wengi wetu tumefundishwa kuacha jeraha wazi lipigwe na upepo, likauke, litoe kigaga. Mafundisho hayo yalipinduliwa zamani. Mwaka 1962 mtafiti George Winter, akifanya kazi Uingereza, alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majeraha mepesi aliyoyafanya kwenye ngozi za nguruwe. Yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalifunikwa na ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili ya yaliyoachwa yakauke. Sababu inaeleweka: seli mpya hutambaa juu ya uso wenye unyevu. Zikikutana na kigaga kikavu, hulazimika kuchimba njia chini yake.

Unyevu huo hauhitaji dawa ya bei. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yanatosha, yapakwe tabaka jembamba. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walilinganisha mafuta hayo na malhamu ya antibiotiki kwenye vidonda safi vya upasuaji mdogo wa ngozi. Hawakuona tofauti ya maana ya maambukizi, ila baadhi ya waliopakwa antibiotiki walipata mzio. Lakini mafuta yasitoke kwenye kopo linalochotwa kwa vidole na familia nzima. Fungua jipya, au chota kwa kijiko safi. Halafu funika kwa plasta au gozi; kama hakuna, kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kupigwa pasi ya moto kitafaa. Pamba ya bunda usiiweke moja kwa moja juu ya jeraha, nyuzi zake hunata. Kifuniko hubadilishwa kila siku, na mara tu kinapolowa jasho au kuchafuka, jambo ambalo huku kwetu kwenye joto hutokea upesi. Kikigandia, kiloweshe maji mpaka kiachie. Kifuniko huzuia nzi pia, na mimi nzi nawahesabu miongoni mwa maadui wakubwa wa kidonda.

Kuhusu jivii, ile dawa ya zambarau: huua baadhi ya vijidudu, lakini hulipaka jeraha rangi hata usijue kinachoendelea chini yake. Kwa mchubuko safi haina kazi.

Siku mbili tatu za kwanza, majimaji mepesi ya manjano yatatoka. Huo si usaha. Usaha ni mzito na mara nyingi hunuka. Vitabu vingi huandika kwamba maambukizi hujulikana kwa wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tumia mkono wako: gusa uone kama pembeni pana joto, pamevimba, pamekuwa pagumu. Ngozi inaweza kugeuka ya zambarau au kuwa nyeusi zaidi. Maumivu yanayozidi siku ya tatu badala ya kupungua, homa, au mtoki kinenani au kwapani ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Nenda pia kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, kama ni la kina, kama damu haikomi baada ya kuibana kwa dakika kumi, au kama mwenye jeraha ana kisukari, hasa likiwa mguuni. Na mkwaruzo wa mbwa, hata mdogo, uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu aende kuchunguzwa kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa bila kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Limebaki pepopunda. Mbegu za bakteria wake zimo udongoni na kwenye samadi, na hata jeraha dogo huweza kuwa mlango. Watoto wetu Tanzania huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua kadiri miaka inavyopita. Akina mama huongezewa wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Akina baba hawana kliniki ya namna hiyo, na hao ndio wanaoshika jembe, kupanda bodaboda na kukanyaga misumari kwenye maeneo ya ujenzi. Baba, kama hukumbuki ulichanjwa lini, nenda zahanati ukaulize sasa, kabla hujaumia. Ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji dozi tatu: ya pili angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi 6 baadaye.