Nchi Isiyoongoza kwa Lolote Nayo Ina cha Kuuza

Kila inapozungumzwa biashara kati ya nchi zetu na nchi tajiri, hoja moja husikika: tajiri ana mashine bora, mtaji mkubwa na wataalamu wengi, basi atatushinda katika kila kitu na sisi hatutabaki na cha kuuza. Hofu hiyo ina sababu zake, lakini hitimisho lake si sahihi. Jibu lilitolewa mwaka 1817 na David Ricardo, aliyetajirika katika soko la hisa la London kabla ya kugeukia uandishi wa uchumi.

Adam Smith alikwisha kueleza, mwaka 1776, kwamba ni busara kununua nje kile ambacho wengine hukizalisha kwa gharama ndogo. Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: nchi iliyozidiwa katika kila bidhaa ifanye nini? Ricardo alilijibu kwa hesabu ya kubuni ya nchi mbili, na nchi aliyoiweka nyuma ilikuwa Uingereza, nchi yake mwenyewe. Katika hesabu hiyo, Uingereza inahitaji kazi ya mwaka mzima ya watu 100 kupata fungu moja la kitambaa, na watu 120 kupata fungu moja la mvinyo. Ureno inahitaji watu 90 kwa kitambaa na 80 kwa mvinyo. Ureno inaongoza kotekote.

Kila nchi ikijitengenezea vyote viwili, Ureno inatumia watu 170 na Uingereza watu 220, na jumla yao ni mafungu mawili ya kitambaa na mawili ya mvinyo. Sasa Ureno iwapeleke watu wake wote kwenye mvinyo, na Uingereza iwapeleke wake wote kwenye kitambaa. Mvinyo unafikia mafungu 2.125 na kitambaa 2.2. Hakuna mfanyakazi aliyeongezwa wala saa iliyorefushwa, lakini bidhaa zimeongezeka. Wakibadilishana fungu kwa fungu, Uingereza inapata kwa kazi ya watu 100 mvinyo ambao ingeutengeneza kwa watu 120, na Ureno inapata kwa kazi ya watu 80 kitambaa ambacho kingehitaji watu 90.

Ufunguo wa hesabu hii ni kile ambacho kila nchi hukiacha. Fundi mwashi hodari anaweza kukoroga saruji haraka kuliko saidia fundi wake, lakini kila saa anayoshika koleo ni saa ambayo ukuta haupandi. Saidia fundi akikoroga hupoteza kidogo, kwa kuwa kujenga ukuta hajui. Hiyo ndiyo faida linganishi: kufanya kazi ambayo kwayo unapoteza kidogo zaidi, hata kama yupo anayekuzidi. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kila nchi ina kazi ya namna hiyo.

Tuitazame Naivasha, Kenya. Mji huo uko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, jua ni la kutosha na baridi si kali. Uholanzi ina utaalamu wa maua wa miaka mingi, lakini majira ya baridi waridi lake huhitaji nyumba za kioo zenye joto na taa, na nishati hiyo ni ghali. Basi kazi ikagawanyika. Kenya hukuza waridi kwa wingi na kulisafirisha kwa ndege, huku Waholanzi wakibaki na mnada mkubwa wa Aalsmeer na ubunifu wa aina mpya za maua ambazo wakulima huzilipia. Kenya nayo huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Hekta moja ya waridi huajiri watu wengi kuliko hekta ya ngano inayovunwa kwa mashine, kwa hiyo kung'ang'ania kujitosheleza kwa ngano kungekuwa na gharama yake katika ajira.

Hata hivyo, anayeieleza nadharia hii na kuishia hapo anamnyima msomaji nusu ya ukweli. Ricardo alichukulia kwamba mitaji hukaa nyumbani. Leo mitaji huvuka mipaka, na mashamba kadhaa ya maua Kenya ni ya wawekezaji wa kigeni, hivyo sehemu ya faida huondoka. Kutegemea zao moja nako kuna hatari: Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalizuia ndege za Ulaya, maua yakaoza na vibarua wakakosa kazi. Tena, hesabu inapoonyesha kwamba nchi imepata, haielezi nani ndani ya nchi amepata. Mfumaji wa Ureno hageuki mkulima wa mizabibu kwa siku moja, na hasara yake ni halisi hata kama taifa limenufaika.

Faida linganishi pia si hatima. Jua la Naivasha lilikuwapo karne nyingi; waridi lilihitaji barabara, vyumba vya baridi, uwanja wa ndege na watu waliofunzwa. Nchi inayotaka kuuza zaidi ya mazao ghafi lazima iijenge faida yake mpya kwa elimu, umeme wa uhakika na bandari zinazofanya kazi.

Mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na nchi nyingine za Afrika zinaendelea na mazungumzo ya aina hiyo. Tusiukatae mkataba kwa sababu tu mwenzetu ana nguvu kuliko sisi. Unyonge pekee haumfungii mtu nje ya faida ya soko. Lakini kila mkataba unapoletwa, wananchi na wabunge wadai majibu ya wazi: tunaacha kuzalisha nini, nani atapoteza riziki, na sehemu gani ya faida imetengwa kumwezesha huyo aanze upya. Serikali isiyoweza kujibu maswali hayo haijawa tayari kutia saini.