Feza ya serikali kwa kuonyesha filme: dosie inaandikwa namna gani?

Kijana wa Goma akimaliza filme yake, mara nyingi feza imekwisha pia. Lakini kuonyesha ni kazi ingine: inaomba sale, projekta, bafle na esanse ya jenereta. Congo iko na mfuko wa serikali kwa ajili ya sanaa, Fonds de Promotion Culturelle, wenye makao Kinshasa.

Kwa mfuko wowote, dosie inajibu maulizo ine: ataonyesha nini, wapi, kwa nani, na kwa bei gani? Bajeti ifuatane na devi za kweli. Ruhusa ya mwenye filme iandikwe na kutiwa sahihi. Wengi wanasahau kuhesabu malipo ya msanii mwenyewe. Njo vile sale inajaa watu, naye anarudia nyumbani mikono mitupu.