Kuhara Damu Kusikokoma

Kolaitisi ya vidonda ni ugonjwa wa kudumu ambao utando wa ndani wa utumbo mpana huvimba, huchubuka na kutoa damu, kwa kuwa kinga ya mwili huushambulia utumbo wenyewe. Haupaswi kuchanganywa na vidonda vya tumbo, ambavyo hutokea kwenye mfuko wa chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Huanzia kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kisha kwa baadhi ya wagonjwa hupanda juu bila kuruka mahali.

Nchini Norway wamehesabiwa wagonjwa wapatao 500 katika kila watu 100,000. Afrika Mashariki ugonjwa huu huhesabiwa kuwa nadra, lakini hesabu hiyo ipokelewe kwa tahadhari kubwa, kwani ugonjwa unaothibitishwa kwa kamera ya utumbo haugunduliki kwa urahisi pale ambapo kamera zenyewe ni chache, na ambapo choo chenye damu hudhaniwa upesi kuwa ni amiba, bawasiri au, kandokando ya Ziwa Victoria, kichocho cha tumbo.

Wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 30. Mgonjwa huharisha choo chenye damu na kamasi, hubanwa na haja ya ghafla, huamshwa nayo usiku, na hata akishamaliza huhisi bado hajamaliza, ingawa akirudi chooni hutoa kamasi tupu. Ugonjwa ukiishia kwenye puru, choo chaweza hata kuwa kigumu, jambo linalowapoteza wengi. Dalili hutulia kwa majuma au miezi, kisha hurudi. Wengine huumwa pia viungo, macho au mirija ya nyongo.

Mwaka 1955, madaktari Truelove na Witts wa Oxford, katika utafiti wa dawa ya kotisoni kwa wagonjwa wa kolaitisi, waliweka kipimo kinachotumika hadi leo: kwenda choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na homa, mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika au upungufu wa damu, ni hali ya hatari inayohitaji kulazwa. Hata hivyo dawa za jamii ya kotisoni, ambazo hutuliza kolaitisi, zaweza kusababisha utumbo wa mwenye amiba kutoboka. Ndiyo maana choo hupimwa kwanza, kisha kamera hupitishwa na vipande vidogo vya utando huchukuliwa kwa uchunguzi wa maabara.