Bingwa wa michezo anaweza kusoma chuo kikuu bila kuacha mazoezi?

GOMA – Katika mtaa wa Majengo, komine ya Karisimbi, kijana mwenye kipaji cha michezo anayepata diplome ya serikali hukutana na swali gumu nyumbani: pesa kidogo iliyopo ilipe minerval ya chuo kikuu, au nauli ya mazoezi na mashindano? Familia nyingi huchagua masomo, na mazoezi husimama.

Kwa jimnastiki, uchaguzi huo unauma zaidi. Mchezo huu wa kuruka, kupinduka na kuning'inia kwenye fito haungoji mtu amalize masomo. Wasichana huruhusiwa kushindana na wakubwa katika mwaka wanaotimiza miaka 16. Anayeingia chuo na miaka 18 tayari yuko katika miaka yake bora.

Hata Marekani, wanajimnastiki walilazimika kuchagua kwa muda mrefu. NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo vikuu, lilimkataza mwanafunzi kupokea pesa za matangazo. Ndiyo sababu Simone Biles, aliyekuwa amekubali kujiunga na chuo kikuu cha UCLA, aliacha nafasi hiyo mwaka 2015 ili awe mchezaji wa kulipwa.

Sheria ilibadilika tarehe 1 Julai 2021. Kabla mwezi huo haujaisha, Sunisa Lee alishinda dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo, kisha akaingia chuo kikuu cha Auburn. Wenzake Jade Carey na Jordan Chiles walikwenda Oregon State na UCLA. Timu ya Marekani iliposhinda dhahabu Paris mwaka 2024, hao watatu walikuwa kati ya wachezaji watano wa timu hiyo.

Lakini kubeba mizigo hiyo miwili si kazi rahisi. Katika vyuo, alama ya juu ni 10, na kinachotafutwa ni usafi wa kila kitendo. Katika mashindano ya kimataifa, tangu mwaka 2006 ugumu wa mitindo huhesabiwa peke yake, kwa hiyo mchezaji lazima aendelee kujifunza mitindo mizito. NCAA inaruhusu saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu, huku mabingwa wengi wakizoea saa 30 au zaidi. Msimu wenyewe huanza Januari hadi Aprili, na karibu kila wiki kuna mashindano, pamoja na darasa na mitihani. Lee alikatisha msimu wake wa 2023 kwa sababu ya ugonjwa wa figo, kisha akarudi kushinda shaba ya mchezaji mmoja mmoja mjini Paris.

Wakongomani wanaijua njia hii kupitia mpira wa kikapu. Dikembe Mutombo alifika chuo kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alitajwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022 akiwa Kentucky. Hata hivyo, visa yake ya mwanafunzi ilimzuia kupata pesa za matangazo ndani ya Marekani, nafasi ambayo wenzake Wamarekani walikuwa nayo.

Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alipita njia nyingine. Mwaka 2020 aliruka chuo na kujiunga na timu ya G League Ignite. Mwaka uliofuata alichaguliwa na Golden State Warriors, na mwaka 2022 alikuwa bingwa wa NBA. Yeye alifaulu, lakini kijana anayeumia goti kabla ya kufika huko hubaki bila mshahara na bila diplome.

Katika Goma, hali ni nzito zaidi. Tangu AFC/M23 ilipouteka mji mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege na benki vilifungwa, na kusafiri au kulipa masomo kukawa shida. Tena ardhi ya Majengo ni mawe ya volkano: anayeruka bila godoro huhatarisha miguu yake.

Hata hivyo, kuna hatua ambazo hazihitaji jumba kubwa la michezo. Vyuo kama UNIGOM na ULPGL vinaweza kumruhusu mwanafunzi mchezaji kufanya mtihani siku nyingine anapokuwa kwenye mashindano. Chuo kinaweza kupunguza minerval kwa anayekiwakilisha. Kocha na mzazi wanaweza kupanga mazoezi alfajiri, kabla ya masomo, badala ya kumwambia mtoto achague kimoja.

Mutombo hakuwahi kuwa daktari. Lakini mwaka 1991 aliingia NBA akiwa na miaka 25, na digrii yake ya Georgetown mkononi.