Simu Inaita, Sauti Haisikiki: Pa Kuanzia Kutafuta Kosa

Wapo vijana wetu hapa Hamriya wanaofanya kazi katika ofisi ndogo za kupiga simu: kumwarifu mteja kuwa mzigo wake wa Unguja umefika, kukumbusha malipo, kusikiliza malalamiko. Kazi yao inategemea vitu viwili: kompyuta inayopiga namba zenyewe kwa zamu, na kisanduku cha laini za simu ambacho mafundi hukiita geitiwei. Viwili hivi visiposikilizana ofisi nzima hukaa kimya, na anayelipwa kwa idadi ya simu hukosa riziki ya siku.

Nimekuwa karani miaka mingi, na kwangu mambo haya yanafanana na masjala. Barua ina bahasha, na ina maneno yaliyomo ndani. Simu ya mtandao nayo ina ujumbe wa kuita, unaofuata utaratibu uitwao SIP, na ina sauti yenyewe, ambayo hupita njia nyingine. Ndiyo maana simu inaweza kuita, ikapokelewa, kisha pasisikike neno. Hapo wengi hukimbilia kununua kisanduku kipya, ilhali cha zamani ni kizima.

Anzeni chini, mpande ngazi moja moja.

Kwanza, waya. Tazameni taa ya tundu la mtandao kwenye kisanduku. Ikiwa haiwaki, badilisheni waya, kisha tundu la upande wa pili. Laini nazo zijaribuni katika simu ya kawaida: zina mtandao? Zina salio?

Pili, anwani. Kompyuta ikiwa 192.168.1.10, kisanduku kinaweza kuwa 192.168.1.20, lakini vitu viwili visipewe anwani moja. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kukipa kisanduku anwani mpya, na kompyuta ikaendelea kukitafuta kwenye ile ya zamani. Dawa yake ni kukipa anwani ya kudumu. Kisha tumeni pingi kutoka kwenye kompyuta. Ikijibiwa, njia ipo. Isipojibiwa, huenda ni ulinzi wa mtandao tu unaoizuia.

Tatu, usajili. Kisanduku hujitambulisha kwa kompyuta kwa jina na neno la siri, kwa kawaida kupitia poti 5060. Neno la siri likikosewa mara nyingi, baadhi ya kompyuta huifungia anwani hiyo kabisa. Hata mkilirekebisha, mlango hubaki umefungwa mpaka mwenye mamlaka aufungue.

Nne, sauti. Programu ya Asterisk, ambayo mifumo mingi ya namna hii imejengwa juu yake, kwa kawaida hupitisha sauti katika poti 10000 hadi 20000 za UDP. Zikizibwa, mtakuwa mabubu. Mmoja akisikia na mwenzake hasikii, shukuni anwani ya ndani iliyotumwa nje: ni kama kuandika juu ya bahasha “mlango wa pili kulia” bila kutaja mtaa wala mji. Andikeni anwani ya nje katika mipangilio, na kama ruta ina kazi iitwayo SIP ALG, izimeni, kwani mara nyingi huzivuruga anwani hizo.

Msifungue poti hizo kwa dunia nzima ili mradi sauti ipite. Wezi hutafuta milango ya namna hiyo usiku, wakapiga simu za ng’ambo, na bili ikaja kwenu. Pia kupitisha simu za kimataifa kwa laini za kawaida bila leseni ni kosa. Ulizeni kwanza Mamlaka ya Udhibiti wa Mawasiliano.

Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, na kila badiliko liandikeni daftarini pamoja na saa yake. Mkimwita fundi, mpeni daftari hilo. Ataanzia pale mlipofikia.