Kwa Nini Anayesomea Biashara Hufundishwa Uchumi

Nimeshika kalamu kueleza jambo ambalo sisi wa kidato cha tatu hulitaja kila siku bila kulijua vizuri. Uliza darasani ni nani anataka kusomea Shahada ya Biashara, yaani Bikomu, na karibu mikono yote itainuka. Uliza tena ni nani anajua kwamba ndani ya Bikomu mna somo la Uchumi, lenye mistari, herufi na hesabu za kuumiza kichwa. Kimya! Wengi hudhani ni kuandika mapato na matumizi, kisha suti na tai.

Binamu yangu yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Lower Kabete. Likizo iliyopita alinifungulia madaftari yake. Shahada ni ya miaka minne, na mwanzoni karibu kila mmoja husoma yale yale: uhasibu, usimamizi, hesabu, sheria kidogo, na uchumi wa aina mbili. Kuchagua njia yako, kama ni fedha au uuzaji, huja baadaye. Kwa hivyo hata yule anayeota kutengeneza matangazo ya sabuni hawezi kuukwepa uchumi.

Aina ya kwanza ni uchumi mdogo. Si mdogo kwa maana ya rahisi, la hasha! Unaitwa hivyo kwa sababu huangalia mtu mmoja, nyumba moja au duka moja, na jinsi wanavyoamua kununua na kuuza. Mfano wake uko pale Dagoretti Corner, Ngong Road inapokutana na Naivasha Road. Mvua ikinyesha jioni, nauli hupanda papo hapo. Sisi husema makanga ana roho mbaya. Mwanafunzi wa uchumi huanza kuhesabu: abiria wameongezeka kwa kuwa hakuna anayetaka kulowa, na magari yamepungua kwa kuwa yamekwama kwenye jamu. Lakini mbona makanga hasemi mia tano basi? Hapo ndipo utamu ulipo. Abiria wa Kawangware akiona bei imezidi, atavua viatu ashike njia kwa miguu. Abiria wa Ngong hawezi. Ni mbali, na giza linaingia. Mvua ni moja, lakini wa Ngong atalipa hata akinung'unika. Tofauti hiyo wachumi huiita unyumbufu, na hupimwa kwa hesabu. Mtu akifungua duka bila kujua kama wateja wake ni wa Kawangware au wa Ngong, atapandisha bei siku moja akute amebaki na nzi.

Jambo jingine ambalo binamu husema limejaa katika mwaka wa kwanza ni hili la "kimoja zaidi". Baba yake, ambaye ni mjomba wangu, ni seremala wa jua kali kando ya Ngong Road. Tuseme ametengeneza viti kumi na vyote vina faida. Je, atengeneze cha kumi na moja? Ikiwa kitamletea shilingi 3,000 lakini kitagharimu 3,500 kwa sababu lazima amlipe fundi wa usiku, aache, hata kama vile kumi vilimpa faida nono. Huko chuoni jambo hili hufanywa kwa kalkulasi, ile mada ya Hisabati ya kidato cha nne ambayo wengi huifikia mtihani ukiwa mlangoni. Anayekimbilia Bikomu ili aepuke Hisabati basi anakimbilia mdomoni mwa simba. Hata alama za kujiunga na kozi hiyo huhesabiwa pamoja na Hisabati.

Aina ya pili ni uchumi mpana, wa nchi nzima: mfumuko wa bei, ajira, kodi, riba, thamani ya shilingi. Mjomba hajawahi kuagiza hata msumari kutoka ng'ambo, lakini Januari 2024, dola moja ilipofika karibu shilingi 160, vitu kama vanishi na sponji vilimpanda bei. Februari mwaka huo Benki Kuu ikafikisha kiwango chake cha riba asilimia 13, wateja wa makochi wakawa wa kuuliza tu na kupita. Daftari lake lilionyesha faida imepungua. Halikuonyesha ni kwa nini.

Sasa nije kwenye mfano ulionishika mimi zaidi. Mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti riba, Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi, na Septemba ikaanza kazi. Benki haikuruhusiwa kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilipokuwa asilimia 10, mwisho ulikuwa 14. Mjomba alifurahi ajabu. Alipiga hesabu: kwa mkopo wa 100,000, riba ikishuka kutoka 18 hadi 14, anaokoa 4,000 kwa mwaka. Mwaka wa 2017 akaenda benki moja kuomba pesa za mashine ya kupasua mbao. Wapi! Aliulizwa hati ya shamba, na yeye karakana yenyewe ni ya kukodi.

Hesabu za mjomba zilikuwa sawa kabisa, ila mkopo haukuwapo. Benki ikizuiwa kumtoza zaidi mtu inayemwona wa hatari, humwacha. Pesa hizo huikopesha serikali, ambayo hulipa bila wasiwasi. Haya yako katika mada ya bei ya kikomo, tena mwanzoni mwanzoni: ukiweka bei chini ya ile ya soko, bidhaa huadimika. Nisiseme uongo, mikopo ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya sheria hiyo, na hata wachumi walibishana juu ya lawama. Sheria iliondolewa Novemba 2019.

Kuna jambo dogo nililofurahia pia. Mafundi kama mjomba wamo katika vitabu vya uchumi duniani, na Kenya ilichangia. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini mwetu, ikasema kwamba watu wa jua kali si wavivu wala si takataka za mji bali wana kazi yenye faida. Ripoti hiyo ilisambaza ulimwenguni jina la sekta isiyo rasmi.

Sisi tunaosoma Biashara hapa shuleni tumeanza safari hii tayari, kwani mahitaji, ugavi na pato la taifa ni mada za kidato cha tatu. Mtaala uliorekebishwa 2002 ndio uliounganisha Uchumi, uhasibu na biashara kuwa somo moja.

Mjomba sasa anataka kukopa tena, na karo ya binamu inatoka katika karakana ile ile. Juzi alimuuliza mwanawe, "We kijana, umekaa huko miaka miwili. Nichukue mkopo ama nisichukue?" Binamu hakumjibu ndiyo wala la. Alimuuliza, "Baba, riba hiyo ni ya kudumu au itapanda Benki Kuu ikipandisha? Na mashine ikija, kochi moja zaidi litamuuzia nani?" Mjomba alikasirika kidogo kwamba karo yote hiyo imemletea maswali. Lakini kesho yake alirudi benki kuuliza lile la kwanza, na kwa lile la pili ameanza kuandika kwenye daftari ni wateja wangapi huuliza bei na wangapi hununua.