Kompyuta Kongwe Isipoamka

Askari mstaafu wa Gitega au Muyinga huenda angali na kompyuta ya MS-DOS 6, ya mwaka 1993, iliyohifadhi barua zake za utumishi. Ikikwama kuwaka kwa hitilafu ya draiva, yaani programu iongozayo kifaa, fundi wa pupa hushauri diski ifutwe. Asikubaliwe!

Yatokeapo maneno "Starting MS-DOS", bonyeza F8. Mashine itaomba ruhusa kwa kila mstari wa faili la CONFIG.SYS, kama ukaguzi wa magari kizuizi cha barabarani. Inapokwama ndipo penye kosa. Washa upya, ukatae mstari huo, unakili barua kwanza. Kisha utangulizie neno REM. Mara nyingi kifaa kiling'olewa zamani, amri ikasahaulika.

Kibodi ya Kifaransa isipopakiwa, A hutoa Q.